Muulize Shangazi: Fuso Imeshalipwa Nusu, Mama Hajaambiwa

Wiki hii mfuko wa barua umejaa watu wanaotaka kuhama. Sijui ni joto, sijui ni kodi za Januari, lakini wote wanaikimbia miji mikubwa na wote wanatafuta mji wa saizi ya kati: usiwe kijiji, usiwe na foleni, uwe na hospitali ya rufaa, shule nzuri, nyama nafuu na upepo wa jioni. Atakayeupata anijulishe haraka, na mimi niuze banda langu la kuku nije. Kwa sasa tujibu barua.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Chanika, ni mhasibu Posta. Naamka saa tisa na nusu usiku, narudi saa tatu usiku. Juzi mtoto wa mwisho kaniita anko. Kazini wamefungua tawi Dodoma na wamenipa nafasi ya kuhamia. Nimeshalipa kodi ya miezi sita Nkuhungu, Fuso nayo nimeilipa nusu. Kilichobaki ni kumwambia mke wangu. Yeye hana kazi, ana kijibiashara tu cha maandazi na chapati pale nje, kwa hiyo kwake kuhama si tatizo. Nimwambieje ili afurahi? — Baba Watatu, Chanika*

Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera kwa utaratibu. Umemwambia dalali, umemwambia dereva wa Fuso, umeniambia mimi pamoja na wasomaji wote wa safu hii, na mkeo yumo kwenye orodha, zamu yake inakuja. Ukichelewa kidogo ataambiwa na utingo.

Sasa hilo la "hana kazi". Wewe ni mhasibu, tufanye hesabu. Ukiamka saa tisa na nusu, jiko limewashwa na nani? Hela ya daladala tarehe 24, mshahara ukiwa umekata roho, unaipata wapi? Daftari na soksi za shule katikati ya muhula hununuliwa na mfuko gani? Usinijibu. Jumapili hii, kabla hujatamka neno Dodoma, mwombe mkeo akuonyeshe daftari lake. Kila muuza maandazi analo, limelowa mafuta kwenye pembe, kalamu imefungwa kwa uzi. Humo utakuta: *Mama Saluni 2,000. Fundi viatu 500. Boda kofia nyekundu 1,500, kalipa 1,000.* Unayemwona amekaa tu pale nje ana benki, na hao ndio wateja wake. Imemchukua miaka kujua kwamba fundi viatu hulipa bila kuambiwa, na boda wa kofia nyekundu hulipa akikumbushwa mbele ya abiria. Unga na mafuta atavipata popote. Watu wanaokula Jumatatu na kulipa Ijumaa hawapakiwi kwenye Fuso. Akifika Nkuhungu atakuwa mgeni anayetaka taslimu, na jirani yake anauza kwa mkopo kwa watu waliocheza naye utotoni.

Halafu kuna kikoba. Hukukitaja, na kutokitaja kwako kumeniambia mengi. Mwanamke wa Chanika mwenye meza ya maandazi lazima ana kikoba, na pengine mchezo wa wiki juu yake. Vikoba vingi huvunjwa Desemba ndipo watu wanagawana. Akiondoka mwezi wa tano ataomba akiba yake mapema kwa mwenyekiti ambaye hatafurahi, na kama ana mkopo, ataulipa wote kwa mpigo. Kwenye mchezo, kama ameshapokea zamu yake atatakiwa aendelee kuchanga akiwa mbali. Kama hajapokea, atawaomba wenzake wamkumbuke. Uliza wanawake wangapi wamekumbukwa.

Simaanishi msihame. Mtu anayeondoka nyumbani usiku na kurudi usiku ana haki ya kutafuta mahali pengine, na anko ni jina baya kuitwa na mwanao wa kumzaa. Dodoma itakurudishia saa zako. Asubuhi utakunywa chai umekaa. Ila usiende na ile Dodoma ya mabango. Mji ule ulikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012, na 2022 wakahesabiwa 765,179. Wote hao walitafuta nyumba, ndiyo maana dalali wako alikuwa na haraka. Maji ya visima vya Mzakwe yana chumvi na mgao upo. Mkeo atafua hadi ajiulize kama sabuni ni feki. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ni vumbi na upepo mkavu unaopasua midomo. Bunge likikaa, hasa lile la bajeti, gesti zinajaa na mji unachangamka. Likiahirishwa, ungedhani kuna msiba.

Kwa hiyo mpeleke akaone. Mpeleke Septemba au Oktoba, mji ukiwa na uso wake wa jua kali. Kaeni siku kadhaa. Asubuhi mwache azunguke Soko la Majengo peke yake aulize bei ya ngano, kisha asimame Nkuhungu kuanzia saa kumi na mbili aone nani anauza chapati, anauza kwa nani na zinaisha saa ngapi. Hiyo ni kazi yake, anaijua kuliko wewe na kuliko mimi. Huenda akarudi na wazo la kuuzia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na litakuwa wazo zuri, ila akumbuke kwamba chuo kikifunga wateja wake wote wanapanda mabasi.

Na tarehe ya kuhama isipangwe na dereva wa Fuso. Kikoba kinavunjwa Desemba. Muhula wa shule unaanza Januari. Tarehe yako ipo hapo katikati, ya bure kabisa, na inaacha miezi ya kutosha ya kukusanya madeni ya kwenye daftari. Mwaka huo mtoto yeyote asiwe anaingia darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, maana hayo ni madarasa ya mtihani, na kumhamisha mtoto aliyesajiliwa mtihani ni safari ya ofisi hadi ofisi.

Umeniuliza umwambieje ili afurahi. Anza kwa kumuuliza akihama anapoteza nini, kisha nyamaza kama unavyonyamaza mbele ya mkaguzi wa hesabu. Atataja vitu usivyovijua. Atamtaja mama yake aliye Gongo la Mboto, au wa kwako. Vyote viandike. Akisema hapana, kodi ya Nkuhungu umeshalipa, nenda ukaishi mwenyewe hiyo miezi, urudi nyumbani mwisho wa wiki. Treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma ipo tangu Julai 2024, na daraja la kawaida nauli ilianza kwa shilingi 31,000. Lakini kabla hujalifurahia wazo hilo, soma barua inayofuata. Imeandikwa na mwanamke ambaye mumewe alitangulia.

*Shangazi, shikamoo. Ni mwalimu wa msingi, naishi Tabata. Mume wangu ni mtumishi wa umma, alihamia Dodoma 2017 akasema nitamfuata nyumba ikikaa sawa. Hadi leo haijakaa sawa. Nikitaja uhamisho wa kufuata mwenza anasema nisiharakishe mambo ya serikali. Nifanyeje? — Mwalimu Mvumilivu*

Marahaba, mwalimu. Tumtendee haki mumeo. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Serikali ikaanza kuhama kwa kishindo 2016. Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Kwa mwendo huo wa miaka hamsini, mtu aliyeondoka 2017 bado yumo ndani ya muda, na "nyumba haijakaa sawa" ni kauli yenye historia ndefu katika nchi hii.

Tabu ni kwamba hukufunga ndoa na serikali.

Maombi ya kufuata mwenza yanataka cheti cha ndoa na uthibitisho wa kazi ya mwenza wako. Cheti unacho. Uthibitisho anao yeye. Mwombe, kwa upole, kwa maandishi, na umpe wiki moja. Akiuleta, basi tatizo kweli lilikuwa nyumba, na ninyi wawili mnaweza kupanga nyingine. Asipouleta, panda treni Ijumaa jioni bila kupiga simu, beba samaki wa kukaanga na ndizi ili ionekane umekuja kwa wema. Ukifika tazama madirisha. Mwanamume anayeishi peke yake hutundika shuka, tena kwa misumari. Ukikuta mapazia yenye rangi zinazoendana na makochi, usipoteze muda kuuliza maswali. Pumzika, kula samaki wako, rudi na treni ya kwanza, halafu niandikie tena. Barua hiyo nitaijibu faragha.

*Mambo Shangazi. Sisi ni mke na mume, tuko Kimara, tuna mtoto wa chekechea. Tunataka kupanga Morogoro, Kihonda, wote tuendelee na kazi zetu Dar kwa treni ya umeme. Hewa ya Uluguru, mboga za bei poa, mama mkwe atakuja kukaa na mtoto. Tumekosea wapi? — Wapenzi wa Milima*

Poa, na marahaba ninayo kabatini mkija kuitafuta. Morogoro naipenda. Wenyewe wanaiita mji kasoro bahari, na anayeshuka Msamvu akatazama milima ile ikiwa imejifunika ukungu anaelewa kwa nini hawaililii hiyo bahari. Lakini nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Siku 22 za kazi ni 572,000, na mko wawili, yaani 1,144,000 kila mwezi kabla bodaboda ya kwenda stesheni haijadai chake. Hizo mboga za bei poa itabidi mle gunia zima kwa wiki ndipo mrudishe hela.

Mmoja wenu akipata kazi Morogoro, au mwajiri akikubali aende ofisini siku mbili kwa wiki, hesabu inabadilika na mimi nitakuja kuwatembelea. Vinginevyo mtakuwa mmehama foleni ya Kimara mkahamia kwenye ratiba ya treni, na mtoto anatoka chekechea saa sita mchana huku wazazi wote wawili wako mkoa mwingine.

Halafu huyo mama mkwe. Mmeandika "atakuja". Ameambiwa?

*Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha tatu, Sinza. Wazazi wangu wamesema tunahamia Tanga, kwenye nyumba ya bibi Ngamiani, eti maisha ni nafuu. Hakuna aliyeniuliza. Rafiki zangu wote wako huku. Nitakufa. Huko kuna nini? — Mimi, Sinza*

Marahaba mwanangu. Hutakufa. Tanga watu hufa kwa uzee, tena wakiwa kibarazani, baada ya kahawa.

Kuna nini? Kuna bahari, ambayo Sinza hamna, na Raskazone watu wanaogelea jioni. Kuna barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, kwa hiyo ukipotea tutajua hujui kuhesabu. Kuna baiskeli, na mji tambarare wa kuziendesha, na hakuna atakayekucheka ukiwa juu yake na sketi ya shule. Ni jiji tangu 2005, intaneti ipo, usiwadanganye wenzako kwamba umepelekwa uhamishoni. Kiswahili chako cha Sinza kitachekwa wiki mbili za mwanzo. Vumilia, kinahitaji marekebisho.

Aya hii mpe baba aisome. Mzee, binti yako yuko kidato cha tatu. Hama naye mwaka huu, au subiri amalize mtihani wa kidato cha nne. Katikati hapo hapana njia. Na kabla ya kuomba uhamisho, ulizeni shule mpya inafundisha masomo gani. Mtoto wa mchepuo wa biashara akipelekwa shule isiyo na masomo ya biashara atalazimika kuanza somo jingine wakati wenzake wanafanya marudio, na hakuna unafuu wa bei ya samaki utakaofidia hilo. Mkishindwa kusubiri, kuna aunti yake Dar mwenye chumba abaki kwake hadi mtihani? Basi linalotoka Tanga linafika siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwetu wawili. Kweli hawakukuuliza, na walipaswa. Lakini kipindi hiki wazazi wako wanakuonea huruma, na huruma ya wazazi haikai sana. Itumie. Dai chumba chako chenye mlango unaofungwa, maana nyumba ya bibi ina wageni mwaka mzima. Dai likizo ya Desemba kwa rafiki zako. Dai baiskeli. Mengine waachie.

*Salaam Shangazi. Mimi na bwanangu tunakaa Umoja, Nairobi, na mapacha wa miaka mitatu. Tumepata nyumba kubwa Nakuru, kodi iko chini, ina kisima chake kwa hivyo maji hayapotei. Kuna ubaya wowote? — Mama Pacha*

Salaam, mdogo wangu. Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, ina ziwa lake na volkano yake ya Menengai, na Nairobi haiko mbali mkikumbuka mlichosahau. Ubaya upo mmoja, na umeutaja mwenyewe ukidhani ni sifa: hicho kisima.

Maji ya ardhini sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floridi nyingi, inatoka kwenye miamba ya volkano. Ndiyo yanayowapa watu meno ya kahawia, Nakuru kwenu na Arusha kwetu chini ya Meru. Meno ya ukubwani ya mtoto huharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, kabla hajafika miaka minane hivi. Mapacha wako wana mitatu. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani floridi inabaki na kukolea. Mwulize mwenye nyumba kama kisima kimepimwa, akuonyeshe karatasi. Kama hana, watoto wanywe na kupikiwa maji ya mvua, au nunueni chujio la mkaa wa mifupa linalotumika huko huko kwenu. Kufulia na kuoga, tumieni kisima hadi mchoke. Mwenye nyumba akicheka akasema "sisi tumeyanywa tangu utotoni", mtazame anapocheka.

*Shangazi, shikamoo. Nipo Muscat, nafanya kazi za ndani. Watoto wangu wawili wako kwa bibi yao Singida. Nikimaliza mkataba nataka tuhamie Dodoma, tuwe na kwetu. Kaka yangu amenitumia picha za kiwanja, dakika kumi kutoka Mji wa Serikali, lakini lazima nilipe wiki hii kwa sababu kuna mbunge anakitaka. Nitume hela? — Dada wa Mbali*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana hela yako ina jasho ambalo hela ya Baba Watatu haina.

Usitume wiki hii. Kila kiwanja kinachouzwa Tanzania kina mbunge anayekitaka, na kama wangekuwa wanavinunua kweli, sisi wengine tungekuwa tunaishi baharini. Dakika kumi kutoka Mji wa Serikali kule Mtumba nazo ziulizie: ni kwa miguu, kwa bodaboda, au kwa msafara wenye king'ora?

Mwombe kaka yako akutumie namba ya kiwanja, namba ya kitalu na jina lililo kwenye hati. Picha ya nyasi na mtu aliyeshika mkono kiunoni haitoshi. Ukipata, tafuta mwanasheria, au ndugu asiye na faida yoyote kwenye mauzo hayo, aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi. Aone hati ni ya nani, ina mkopo wa benki au haina, na kodi ya ardhi inadaiwa kiasi gani. Kisha apite ofisi ya serikali ya mtaa, na awaulize majirani wa pande zote nne kama kuna mwingine aliyewahi kuja na futi kamba kupima hapo. Malipo yaende kwa mwenye hati, kwa mkataba mbele ya wakili, si kwenye simu ya kaka. Akinuna, mwambie Shangazi ndiye aliyekataza, jina langu limezoea kuchukiwa.

Watoto ulinitajia kwa mstari mmoja tu, nami nauliza: wana umri gani, na bibi yao anasemaje? Wamelala kwake miaka yote hii. Usije ukaleta Fuso Singida ukapakia magodoro na bibi amesimama mlangoni. Kama ana nguvu na anataka, kiwanja hicho kiwe na chumba chake kwenye ramani tangu mwanzo. Kama hataki kuondoka, Singida na Dodoma ni jirani, watoto watakuwa wanakwenda kwake kila likizo.

Na muuzaji akileta karatasi ya CDA, iliyokuwa mamlaka ya kuustawisha mji mkuu, yenye tarehe ya 2019, mpe pole sana kwa kuchelewa: CDA ilivunjwa Mei 2017.